Ya Kwanza Kumwagwa: Miaka Ishirini na Miwili ya Mzee Tharsisi kwenye Mtambo wa Kisiwani

Naomba radhi kabla ya yote. Kamati ya sherehe iliniomba wasifu huu tarehe tano ya mwezi huu, ikanipa wiki moja. Leo ni tarehe ishirini na sita, sherehe ni keshokutwa, na Ghati wa stoo ameshanitumia ujumbe wa tatu tangu asubuhi kwamba mwenye mashine ya kuchapa pale Kasulu mjini anataka kufunga. Ningeweza kusingizia mtoto. Ni kweli Prudence anaota meno na hatulii mpaka awe mgongoni. Lakini mtoto siyo sababu. Sababu ni kwamba kila nikianza kuandika habari za Mzee Tharsisi nafika mahali fulani nasimama, kwa maana kwenye faili lake kule ofisini kuna barua moja ambayo si yake. Ni yangu. Nitaifikia, na nikionekana nazungukazunguka, basi mjue naiogopa.

Mzee Tharsisi Niyonkuru amekitumikia kiwanda chetu cha Bonde kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne, tangu Februari 2003. Anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini, magoti mawili mabovu na pua moja nzima. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe.

Kwa wageni watakaosoma ratiba hii bila kutujua: Bonde ni kiwanda kidogo chenye leseni, chini ya barabara ya Kagerankanda. Tunatengeneza kinywaji kikali cha ulezi kiitwacho Moshi wa Bonde. Watu wa hapa hawatuiti Bonde, wanatuita Kisiwani, kwa sababu masika yakikolea maji ya kinamasi yanatuzunguka pande tatu na tunaingia kazini kwa kupita juu ya ubao. Jina hilo la Kisiwani lina sababu nyingine pia, nayo ni Mzee.

Alizaliwa Busunzu, Kibondo, akasoma mpaka darasa la saba, kisha akafanya kazi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Huko ndiko alikojifunza moshi. Mtu wa bani halali mpaka ajue moto wake unafikiria nini. Alipokuja kwetu aliajiriwa kuchochea kuni tu. Wakati ule kiwanda kilitoa pombe nyeupe isiyo na tabia yoyote. Ukiinywa huwezi kusema umekunywa nini, unajua tu kwamba umekunywa. Aliyekuwa mpishi mkuu aliondoka mwaka 2005 kwenda kwao Tabora, na meneja wa wakati huo akamwambia Mzee asimame kwenye mtambo kwa wiki mbili mpaka apatikane mtu. Hakutafutwa mtu. Wiki mbili zile zinaisha Jumatatu hii.

Sasa niseme kazi ya mtambo, maana bila hiyo hamtaelewa mengine. Mtambo wetu ni wa shaba, una tumbo kama kibuyu na shingo ndefu. Unachemsha togwa lililochacha, mvuke unapanda shingoni, unapozwa na maji, unadondoka kwenye ndoo. Lakini unaodondoka siyo mmoja. Unaotangulia ni mkali wa kuchoma pua kama rangi ya kucha. Huo haunywewi, unaumiza kichwa na macho, na wa mtambo mbovu umeshaua watu katika nchi hii. Unaofuata ndio moyo, ndio tunaouza. Wa mwisho ni mkia, unanuka kama blanketi lililolowa. Kazi yote ya mpishi ni kujua dakika ya kuhamisha ndoo. Mimi sijasoma kemia, nimeishia kidato cha nne, lakini hilo nimeliona kwa macho yangu: dakika moja ya kuzubaa inaingia kwenye chupa ya mtu.

Mzee aliijua dakika hiyo kwa pua. Na pua yake aliiamsha kila asubuhi kwa njia ambayo hakuna mwingine aliyeijua, nayo ndiyo habari ya chupa.

Mwaka 2007 alikuwako mzungu mmoja aliyechimba visima kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tulimwita Bwana Aleki. Alikuwa mwenyeji wa Uskoti, na gari lake lilipokwama matopeni hapa mbele, Mzee na wenzake walilisukuma. Aliporudi kushukuru alileta chupa iliyobaki theluthi, wiski ya kisiwa kimoja cha kwao. Mimi nilikuwa bado naruka kamba shuleni, lakini habari hii nimeihadithiwa mara nyingi hata nadhani nilikuwepo. Chupa ilipita mkono kwa mkono. Mama Vestina, anayeotesha kimea chetu mpaka leo na ambaye ni mlokole asiyeonja chochote, alinusa akasema, "Hii ni dawa ya vidonda. Mtu amekatwa hapa." Mlinzi akasema ni tairi limechomwa pwani. Wote wakacheka. Mzee alinusa. Akanusa tena. Akachukua jembe akateremka bondeni na viatu vyake vizuri.

Alirudi na bonge la udongo mweusi wenye nyuzinyuzi, ule unaotoka chini ya mafunjo. Akalianika siku nyingi. Lilipokauka aliliwasha, likawaka polepole bila mwali, likatoa moshi mzito, akawaita wote. "Nuseni," akasema. "Sasa nuseni chupa." Ilikuwa harufu ileile.

Alieleza baadaye kwamba akiwa mtoto, wachungaji waliacha moto bondeni kwao Busunzu, ukaingia ardhini, bonde likaungua kwa chini miezi miwili, hata maziwa ya mbuzi yakawa yananuka moshi huo. Hakuwahi kuusahau. Bwana Aleki alipoonyeshwa udongo alikaa chini kabisa, kwenye majani. Akasema kwao kisiwani wanakata udongo wa namna hiyo kama matofali, wanaukausha kwa jua na upepo wa bahari, na kwa moshi wake wanakausha kimea cha shayiri kabla ya kukipika. Mzee akamtazama, akawageukia wenzake: "Hawa watu wa kisiwani ni Waha wenzetu. Wamesahau lugha tu."

Kuanzia msimu ule ulezi wetu unakaushwa kwa moshi wa udongo wa bonde. Mama Vestina anaulowesha, anauotesha juu ya sakafu siku nne, anaugeuza kwa mikono ili mizizi isishikane, halafu unatandazwa juu ya wavu na udongo unawashwa chini yake. Kinywaji kikapata tabia. Mwaka 2011 kikapata alama ya ubora, na cheti kipo ukutani, kimepigwa na moshi kidogo.

Bwana Aleki alichora pia, nyuma ya boksi la dawa ya maji, picha ya kiwanda cha kwao: nyumba nyeupe ufukweni, mawimbi mlangoni, na bomba la moshi lililovaa kitu kama kofia. Mzee aliipenda kofia. Akasema moshi usio na kofia ni moshi usio na adabu. Akatengeneza yake kwa mabati, akaipandisha. Upepo wa Oktoba ukaivua, ikaangukia shamba la muhogo la jirani. Akaipandisha tena. Ikavuliwa tena. Mara ya tatu jirani aliirudisha mwenyewe, kaibeba kichwani, akasema, "Tharsisi, kofia yako imekuja kusalimia." Iliyopo sasa imefungwa kwa nyaya nane na haijatoka tangu 2014.

Alijaribu na pipa. Bwana Aleki alikuwa amemwambia kwamba kwao kinywaji kinalala kwenye pipa la mti miaka kumi, na kila mwaka kinapungua chenyewe, wanasema kinanywewa na malaika. Mzee akasema miaka kumi ni mingi, nani atamzika mwenzake? Akakubaliana na miaka mitatu. Pipa lilipofunguliwa lilikuwa limepungua, na meneja wetu, Bwana Nathaniel, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehamia kutoka Mbeya, alimwita mlinzi ajieleze. Mlinzi akaandika maelezo kurasa mbili. Mzee akaenda ofisini kuwatetea wote wawili, mlinzi na malaika. Bwana Nathaniel anacheka sana akikumbushwa, na naamini atacheka hata Jumamosi. Naomba acheke vya kutosha hapo, maana nikiendelea hatacheka.

Chupa yenyewe ya Bwana Aleki iliisha siku ileile ya kwanza. Ikabaki tupu. Mzee aliifunga kizibo chake, akaiweka kabatini nyuma ya koti. Kila siku ya kupika, kabla moto haujakolea, anaifungua, ananusa mara moja, anaifunga. Alikuwa anasema pua ya mtu inaamka na mambo ya nyumbani kwake, sabuni, maharage, mtoto, hivyo lazima iambiwe leo inatafuta nini. Miaka kumi na minane chupa ile imekaa tupu na haijaacha kunuka. Kwa hiyo kiwanda cha kisiwa cha mbali, ambacho hakuna mmoja wetu atakayekiona, kimekuwa kikisimama na Mzee kwenye mtambo kila wiki.

Mimi nilichukuliwa niwe msaidizi wake mwaka 2021. Nilikuja kuosha chupa. Siku moja nilisema kwa sauti, bila kufikiri, kwamba ndoo imebadilika harufu, na Mzee akageuka haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. "Umesema nini?" Nikadhani nimekosea. Akanisogeza karibu na bomba. "Rudia. Unasikia nini?" Nikasema nasikia kama mkeka mpya. Akahamisha ndoo. Basi nikawa mwanafunzi. Amenifundisha kupoza, kusikiliza tumbo la mtambo, na kupima kwa maji: mimina kidogo kwenye glasi, ongeza maji safi, yakichafuka kama ya kuoshea mchele bado ni ya kutangulia, hamisha utakapoona yametulia. Nikiharakisha alikuwa ananiambia kwa Kiha, "Buhoro, mukobwa wanje." Polepole, binti yangu. Nilipopata mimba, mambo yote yalininukia vibaya, hata mchele. Sikusema kwa mtu. Alijua. Akaniwekea kiti upande wa dirisha akasema, "Pua imeenda likizo ya uzazi kabla yako. Itarudi." Nilipojifungua akaweka sharti ambalo halikujadiliwa: mama anayenyonyesha haonji, hata tone la ulimini. Ananusa, anapima kwa maji, basi.

Pua ilirudi, lakini si yote. Nalisema hapa kwa sababu kuanzia Jumanne mtakunywa nilichonusa mimi.

Sasa barua.

Ile pombe ya kutangulia Mzee hakuiita kwa jina la vitabuni. Aliiita "ya kwanza". Ya kwanza, moyo, mkia. Nami nikaiita ya kwanza. Kwa miaka yote hiyo hakuandika popote, maana alikuwa anaifungia mwenyewe kwenye kabati la chuma na kuitumia kuoshea mabomba. Mwezi Mei alichukua likizo ya wiki mbili, akaenda Busunzu. Alisema ni ya maharage. Wote tulijua ni ya kunipima.

Nilipika siku tano bila tatizo. Ijumaa tarehe 16, ndoo za kutangulia zilikuwa zimejaza dumu la lita ishirini, na ufunguo wa kabati la chuma sikukumbuka nilikuwa nimeuweka wapi. Mtoto alikuwa analia kwa Mama Vestina. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa YA KWANZA, nikaibandika kwenye dumu, nikaliacha mlangoni mwa stoo nikaenda kunyonyesha. Nilijiambia nitarudi. Nilirudi kesho yake.

Ghati alikuwa na wiki tatu kazini. Ametoka Tarime, hajui habari za mtambo, na hakuna aliyemweleza. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa linapakia oda ya harusi ya ukoo wa akina Reverien huko Busunzu, na oda ilisema wawekewe kitu kizuri zaidi kwa meza ya wazee. Ghati akaona dumu limeandikwa ya kwanza. Akafanya alichofundishwa na kila duka la nchi hii: ya kwanza ni bora kuliko ya pili. Akalipakia.

Saa sita mchana nilimuuliza, "Ghati, lile dumu la mlangoni liko wapi?"

"Lipi, dada? Si lile la ya kwanza? Nimewapa watu wa harusi." Alikuwa anatabasamu. "Walitaka nzuri."

Nilikaa chini. Safari hii hawakuwa malaika.

Dereva simu yake haikupatikana. Nilimpigia Mzee. Mara ya nne ikaita. Nilimweleza vibaya, naanza mwisho, narudi mwanzo. Aliuliza jambo moja tu. "Harusi ya nani?"

"Ya akina Reverien, Mzee."

"Hao ni ng'ambo ya mto tu. Walinialika, nikakataa kwa sababu ya magoti." Nikamsikia akiita bodaboda. "Basi nimekubali."

Yaliyofuata nimeyasikia kwa watu wawili waliokuwepo, na kuna video kwenye simu ya shemeji wa bwana harusi. Mzee alifika kwa bodaboda, na koti la kazi, katikati ya hotuba. Dumu lilikuwa limeshafunguliwa kwenye meza ya wazee. Babu wawili walikuwa wameonja kwa kifuniko. Mnajua desturi ya huku: kikombe kinachotangulia ni cha mkubwa, na mkubwa akishakunywa ndipo wengine wanafuata. Kikombe kilikuwa kimejazwa, kinamngoja babu wa bibi harusi, na nyuma yake wazee tisa wakingoja zamu.

Mtu mwingine angepiga kelele kwamba ni sumu. Harusi ingekuwa fujo, na jina la kiwanda lingezikwa hapo. Mzee alivua kofia, akasalimia meza nzima mmoja mmoja, akasema, "Mimi ndiye mpishi wa Moshi wa Bonde. Kwa desturi ya wapishi kikombe hiki ni changu." Wakacheka, mmoja akamwambia, "Umechelewa, umekuja kudai!" Wakampa. Akaomba maji. Akaongeza maji mbele yao, kikombe kikachafuka kama maji ya kuoshea mchele. Akakiinua wakione. "Mnaona? Imeandikwa ya kwanza, nayo ni ya kwanza kweli. Ya kwanza kumwagwa." Akamimina chini. Kisha akalishika dumu lote, akalipeleka nyuma ya nyumba, akalimwaga shimoni, na wazee wakampigia makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Babu wawili walioonja aliwaketisha kivulini, akawanywesha maji, hakuondoka mpaka gari likawapeleka zahanati. Mmoja aliumwa kichwa siku mbili. Mwingine alitapika, akapona. Nimekwenda kuwasalimia wote wawili, na kama hamkujua, sasa mjue kwa nini niliomba ruhusa ile ya Mei.

Jumanne yake Bwana Nathaniel alitukusanya. Alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema aliyeandika karatasi ile atatolewa kwenye mtambo na onyo litaingia kwenye faili lake. Akauliza ni nani. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, Prudence mgongoni. Nilifungua mdomo. Mzee, aliyekuwa amekuja kwa basi la alfajiri na likizo yake haijaisha, akasema, "Jina la ya kwanza nimelitoa mimi. Kosa ni la jina, na jina ni langu."

Hakusema uongo. Hakusema nani ameandika. Meneja aliuliza tena, akamtazama yeye tu, Mzee akarudia maneno yaleyale. Bwana Nathaniel akamwandikia yeye onyo, mtamboni akamwacha amalizie mwezi wake. Mimi nikanyamaza. Nilihesabu mambo yangu: mtoto, chumba cha kupanga, baba yake mtoto aliyeko machimboni asiyepiga simu. Nikanyamaza. Miaka ishirini na miwili faili la Mzee Tharsisi halikuwa na doa, na mwezi mmoja kabla ya kuondoka likapata barua ya onyo kwa mkono wangu na kwa ulimi wangu ambao haukufanya kazi.

Nilimfuata nje. Nikamwambia nitakwenda kusema. Akaniambia, "Sema siku utakayokuwa huogopi." Nimengoja siku hiyo wiki tano. Haijafika. Naandika nikiwa naogopa, kwa sababu Jumatatu anaondoka na faili linafungwa.

Basi iandikwe kwenye ratiba hii, mbele ya wageni na wafanyakazi wote: karatasi ya YA KWANZA niliandika mimi, Generosa Majaliwa. Dumu niliacha mimi. Ghati hana kosa, alisoma kilichoandikwa. Mzee Tharsisi hana kosa; alikuwa Busunzu akianika maharage. Wenye kutoa adhabu wanajua pa kunipata, nipo upande wa dirisha.

Nimalizie mafanikio yake, maana kamati iliagiza mafanikio. Tangu 2005 hakuna chupa iliyotoka mkononi mwake ikamdhuru mtu. Amefundisha watu wanne, na wawili wanapika kwingine. Aligundua udongo wa bonde, akatuzuia tusiumalize: tunakata kipande kimoja kila mwaka na kuyaacha mafunjo yarudi. Na kazi yake ya mwisho aliifanya wiki iliyopita. Alifuta neno "ya kwanza" kiwandani. Sasa pombe ya kutangulia inaitwa YA KUMWAGA, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye dumu, kwenye ndoo na kwenye kabati la chuma, na aliyeandika ni Ghati, kwa mwandiko ambao unasomeka ukiwa ng'ambo ya kinamasi. Mzee alisimama nyuma yake akimwambia herufi zinenepe.

Mzee Tharsisi, asante. Asante kwa moto, kwa kofia ya bati, kwa kiti cha dirishani, kwa magoti yaliyopanda bodaboda. Nenda Busunzu ukapumzike. Maharage yako yasipate mvua ya kuchelewa, mama watoto wako akupikie unachotaka wewe siyo anachotaka daktari, na wajukuu wakukimbilie wewe usiwakimbilie wao. Sisi wa Kisiwani tunakutakia siku ndefu zenye asubuhi zisizo na haraka.

Kazi haijaisha lakini, na kuna vitu bado nahitaji viletwe. Naviandika hapahapa ili visisahaulike.

Kutoka ofisini kwa Bwana Nathaniel: barua ya onyo ya tarehe 20 Mei, itolewe kwenye faili la Mzee kabla ya Jumatatu saa tisa alasiri, ifutwe jina, iandikwe langu, niletewe niisaini. Kama pamoja nayo itakuja barua ya kunitoa kwenye mtambo, zije zote mbili kwa wakati mmoja, nisisubiri.

Kutoka stoo: glasi mbili nyeupe za kupimia kwa maji, iliyopo imepasuka mdomo. Na kufuli jipya lenye funguo mbili, moja akae nayo Ghati.

Kutoka Busunzu: tofali moja la udongo wa bonde la kwenu, Mzee, lile lililoungua ukiwa mtoto. Nataka kulinusa karibu na letu.

Na chupa. Ulipokusanya vitu vyako kabatini Jumatatu iliyopita ulikunja koti ukalituma nyumbani, na chupa ilikuwa ndani ya koti. Najua hukukusudia. Atakayesimama kwenye mtambo Jumanne, awe mimi au mwingine, hana kingine cha kuiamshia pua. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, kizibo kimefungwa, nitaipokea stendi ya Kasulu. Lakini kabla ya yote, Mzee, ukisoma mstari huu hata kama ni katikati ya sherehe, mpigie simu Mama nyumbani. Mwambie ile chupa nzuri iliyokuja na koti isitiwe asali. Mwambie asiioshe.